Mboga zinazoota bila kupandwa: tuzitambue, tuzichume kwa amani



Katika somo hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakikanyaga kila asubuhi tukitoka nyumbani: majani yanayoota yenyewe katika parsele, kando ya njia, chini ya migomba na penye jalala. Wengine wanayaita magugu na kuyafyeka kila wiki. Lakini baadhi yake ni mboga nzuri, na wazee wetu waliyala siku zote. Baadhi yake pia ni sumu. Somo hili linataka kutusaidia kujua tofauti, na kuchuma bila kuharibu ujirani.

Mtu anaweza kuuliza: mboga zinahusu nini kazi ya amani? Tutajibu kwa habari moja.

KIKAPO KILICHOMWAGWA

Katika kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini, karibu na Ziwa Tanganyika, familia zilizokimbia vita kutoka milimani zilipokelewa na wenyeji. Wengine walipewa chumba, wengine kona ya parsele ya kujenga kibanda. Chakula kilikuwa kidogo kwa wote. Kila asubuhi akina mama waliokimbia walizunguka pembeni mwa mashamba wakichuma majani ya kupika.

Siku moja mwenye shamba alimkuta mama mmoja kati ya mistari ya mihogo yake. Akamwita mwizi mbele ya watu. Mama akajibu kwamba majani yale ni ya Mungu, hakuna aliyeyapanda. Mwenye shamba akasema kwamba miguu yake inakanyaga mihogo michanga, nayo imepandwa na mtu. Vijana wa pande zote mbili wakakusanyika, na majina ya makabila yakaanza kutajwa kwa ubaya.

Bibi mmoja mwenyeji akasema: «Kabla ya kugombana, tuone kwanza ni nini kilichoibwa.» Akamwaga kikapo juu ya mkeka. Mlikuwa na lengalenga, mlikuwa na kichoma nguo, na katikati mlikuwa na majani mapana ya mmea mchanga wa datura. Bibi akayashika, akayanusa, akamwuliza yule mama: «Binti yangu, haya nayo ulitaka kuwapikia watoto?» Mama akasema alidhani ni mnavu, maana mnavu wa kwao una majani yanayofanana na hayo.

Datura ni sumu kali. Mwenye shamba alikuwa amekuja kutetea mihogo yake. Sasa alielewa kwamba usiku ule watoto wanaolala nyuma ya ukuta wake wangeweza kufa. Hakuomba msamaha siku hiyo, wala mama naye. Lakini wiki iliyofuata walikubali kukaa pamoja na shefu wa kijiji, na sisi tulialikwa kuwasikiliza. Makubaliano yao tutayaeleza mwishoni mwa somo.

Habari hii inatufundisha jambo moja. Mtu anayehama anakuja na ujuzi wa udongo wa kwao, lakini udongo wa ugenini unajulikana na wenyeji. Ili kula salama majani yasiyopandwa, tunahitaji macho ya jirani.

SEHEMU YA KWANZA: KABLA YA KUCHUMA

1. Uchume mmea unaoujua kabisa. Usitegemee jani peke yake. Angalia shina, jinsi majani yanavyopangwa, ua, tunda, mbegu na harufu. Mmea mchanga usio na ua unadanganya hata wazoefu. Ukiwa na shaka, uache.

2. Usitegemee jina peke yake. Mboga moja ina majina mengi. Tunayoiita sombe, watu wa Kinshasa wanaiita pondu, na wengine wanaiita sakasaka. Lengalenga yetu ni bitekuteku kwa Lingala, dodo kwa Kinyarwanda, na mchicha huko Tanzania. Na majina mawili yanayokaribiana yanaweza kuwa mimea miwili: kwa Kinyarwanda isogi ni mmea mmoja, isogo ni mwingine. Kwa hiyo tuonyeshane mmea wenyewe mkononi, tusitajiane jina tu.

3. Usifuate mnyama. Mbuzi na ndege wanakula vitu vingine ambavyo vinamdhuru mtu.

4. Mmea usiojulikana ukitoa maziwa meupe unapovunjwa, uache. Ni kweli kwamba matembele pia hutoa maziwa, nasi tunayala. Lakini matembele tunayajua. Kanuni hii ni kwa mmea tusioujua.

5. Angalia mahali. Usichume karibu na choo, penye maji machafu, penye betri na takataka za chuma, wala ukingoni mwa barabara ya magari mengi. Katika bustani za maofisi na za nyumba kubwa, uliza kwanza kama dawa ya kuua majani au wadudu imepulizwa.

6. Usiende mbali bila sababu. Porini kuna hatari ya watu wabaya, na mahali vita vilipopita kunaweza kuwa na mabomu yasiyolipuka. Mama anayepata mboga karibu na mlango wake hana haja ya kwenda peke yake msituni. Hii ni sababu kubwa ya kujifunza majani ya parsele.

SEHEMU YA PILI: MIMEA SABA YA KUANZA NAYO

Lengalenga. Inaota penye mbolea na jalala la nyumbani. Majani yanapishana kwenye shina, yana kikonyo kirefu, na mishipa yake inaonekana wazi upande wa chini. Maua ni madogo sana, yamesongamana kama mkia, ya kijani au mekundu. Mbegu ni ndogo, nyeusi na zinang'aa. Kuna aina yenye miiba miwili pale jani linaposhikana na shina. Hiyo pia inalika ikiwa changa, ila mikono iwe na uangalifu.

Mnavu. Wengi katika Kivu wanauita mulunda. Maua yake ni madogo, meupe, yenye ncha tano na katikati ya njano. Matunda yake ni ya mviringo, madogo kama punje ya pilipili manga au kuzidi kidogo, yananing'inia kwa vichala, na yakiiva yanakuwa meusi au ya rangi ya chungwa kufuatana na aina. Tunakula majani machanga yaliyopikwa. Matunda mabichi ya kijani yasiliwe kamwe, na watoto waambiwe wazi.

Isogi. Huko Tanzania wanaiita mgagani. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi vitano. Shina lina manyoya yanayonata na harufu kali. Maganda ya mbegu ni membamba na marefu. Ni chungu, lakini wanaoizoea wanaipenda. Wengine hupunguza uchungu kwa kuipika na maziwa, wengine kwa kuiacha ilale mpaka kesho yake.

Kichoma nguo. Kila mtu anamjua adui huyu: mbegu zake nyeusi kama sindano zinashika suruali na vitenge tukipita. Ua lina katikati ya njano, mara nyingine na petali chache nyeupe pembeni. Majani machanga, kabla mmea haujatoa maua, yanachemshwa na kuchanganywa na mboga nyingine.

Kongwe. Inatambaa chini, na kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi. Chini ya jani kuna ala inayozunguka shina. Ua ni la buluu, linafunguka asubuhi na kunyauka mchana. Wafugaji wa sungura wanaijua vizuri. Ncha zake changa zinapikwa.

Portulaka. Inalala chini kwenye njia na viwanja vyenye jua. Shina ni nene, laini na jekundu, majani ni manene yenye maji, ua ni dogo la njano. Ladha yake ina uchachu kidogo. Hapa tahadhari: kuna mimea mingine midogo inayolala chini vilevile, yenye shina jekundu, lakini majani yake ni membamba, na ukiivunja inatoa maziwa meupe. Portulaka hutoa maji tu. Vunja shina kila mara, mmea kwa mmea. Penye maziwa, tupa.

Nderema. Inapanda juu ya ua na miti. Majani ni manene, yanang'aa na yanateleza yakipikwa. Matunda yake yakiiva yanakuwa meusi na kutoa rangi ya zambarau. Katika parsele nyingi iko pale kwenye ukuta, hakuna anayekumbuka nani aliipanda.

Mimea hii ina vitamini na madini yanayohitajiwa hasa na watoto na akina mama wajawazito. Kwa kuanza, kila msomaji achague miwili tu anayoijua, kisha aongeze polepole.

SEHEMU YA TATU: MIMEA YA KUOGOPA KATIKA PARSELE

Datura. Inaota palepale lengalenga inapoota, yaani penye jalala na mbolea. Ikiwa changa inafanana na mnavu. Tofauti ni hizi: ua la datura ni kubwa, refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake limesimama, lina miiba, na ndani kuna mbegu nyingi. Majani yakisagwa mkononi yanatoa harufu mbaya. Sehemu zote ni sumu. Mtu aliyeila anakauka mdomo, mboni za macho zinakuwa kubwa, ngozi inakuwa ya moto na nyekundu, moyo unakwenda mbio, anaongea ovyo na kuona vitu visivyokuwako. Wengine hudhani amerogwa. Tafadhali, tusimtafute mchawi kati ya majirani. Tumpeleke mgonjwa kituo cha afya.

Tarumbeta za bustani. Ni ndugu wa datura, mti mdogo unaopandwa kama ua la kupendeza, wenye maua makubwa yanayoelekea chini kama kengele. Nao ni sumu.

Mbono, au mbarika. Majani yake ni mapana yenye ncha kama vidole. Mbegu zake ni nzuri kwa macho, zenye madoa kama kupe, na watoto wanazichezea. Mbegu chache zikitafunwa zinaweza kuua.

Kama mtu amekula mmea wa sumu au anashukiwa kuula, asilazimishwe kutapika. Asipewe mafuta wala dawa ya kienyeji. Apelekwe mara moja kwa muuguzi au daktari, na mmea aliokula ubebwe pamoja naye, hata mabaki ya sufuria, ili wajue la kufanya.

SEHEMU YA NNE: KUPIKA

Tuoshe majani mara kadhaa kwa maji safi. Katika majimbo yetu kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mayai ya minyoo yako kwenye udongo. Kwa sababu hiyo tunashauri majani ya parsele yaliwe yakiwa yamepikwa, hata yale ambayo sehemu nyingine wanayala mabichi.

Lengalenga, mnavu na isogi zichemshwe, na maji ya kwanza yamwagwe. Maji hayo yanaondoka na uchungu na vitu visivyofaa tumbo. Mwenye ugonjwa wa mafigo aulize muuguzi kabla ya kula majani haya mara nyingi. Kisha tuweke mafuta kidogo, mawese au mengine, kwa sababu mwili unapokea vizuri vitamini A penye mafuta. Nyanya au limau vinausaidia mwili kupokea madini ya chuma. Na mtu anayekula mmea kwa mara ya kwanza aanze na kiasi kidogo, maana tumbo la kila mtu ni lake.

Tusiharakishe mapishi kwa sababu ya njaa. Nchi yetu ina fundisho kubwa juu ya jambo hili, ingawa si la majani. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo, jina linalotokana na lugha ya Kiyaka na lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu anapooza miguu ghafula na hapati kupona kabisa. Unatokea pale watu wanapokula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, wakikosa chakula kingine cha kujenga mwili. Njaa na vita vinapunguza siku za kuloweka, na watoto wanalipa kwa miguu yao. Kwa hiyo sombe itwangwe na kuchemshwa vizuri, mihogo michungu ilowekwe mpaka siku zake zitimie, na majani ya parsele yapate moto wake.

Tuseme ukweli pia: majani hayashibishi peke yake. Yanasaidia bugali na maharagwe, hayachukui nafasi yao. Familia inayokula majani tu ni familia yenye njaa, na shefu, viongozi wa dini na mashirika wanapaswa kuambiwa. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, watu wengi walihama tena, wengine kwa mara ya tatu au ya nne katika maisha yao. Somo hili halimwondolei yeyote wajibu wa kuwalinda na kuwalisha watu hao.

SEHEMU YA TANO: MAKUBALIANO YA KIJIJI

Sasa turudi kwa wale waliogombania kikapo. Walikaa mara mbili chini ya mwembe. Mara ya kwanza kila upande ulisema kilichouma. Wenyeji walisema: «Tuliwapa mahali pa kulala, mbona mnaingia shambani bila hodi?» Wageni walisema: «Tuliacha mashamba yetu kule juu. Kuitwa mwizi kwa sababu ya majani, hilo lilituuma kuliko njaa.» Mara ya pili walifikia mambo manne:

1. Kando ya njia na penye jalala la wote, kila mtu anachuma. Ndani ya parsele ya mtu, anayetaka kuchuma anapiga hodi na kuomba.

2. Kati ya mistari ya mazao hapaingiwi bila mwenye shamba. Lakini siku ya kupalilia, anayekuja kusaidia anaondoka na mboga zote atakazozipata.

3. Nje ya siku ya kupalilia, tunakata ncha, hatung'oi mzizi. Kila mahali yanaachwa mashina machache yatoe mbegu.

4. Kikapo cha mgeni, na cha mtoto yeyote, kinaonyeshwa kwa mtu mzima wa mahali pale kabla hakijaingia jikoni.

Jambo la nne lilileta matunda ambayo hatukutarajia. Bibi aliyekimwaga kikapo akawa mwalimu wa akina mama wageni. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kula kichoma nguo. Maisha yake yote alikuwa akiking'oa na kukitupa. Akina mama wa milimani walimpikia, wakachanganya na lengalenga na mawese. Alikula, akacheka, akasema ametupa mboga kwa miaka sitini.

Si kila mtu alikubali. Mwenye shamba mmoja alikataa kabisa watu wasiingie kwake hata siku ya kupalilia, na wote walikubali kumheshimu. Makubaliano ambayo hayaruhusu mtu kusema hapana hayadumu. Na yule aliyeita mwenzake mwizi? Majira yaliyofuata alikuwa na wapaliliaji wengi kuliko jirani zake, na mama yule alikuwa mmoja wao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja alete mmea mmoja kutoka parsele yake, wenye shina, majani na ua. Kila lugha iliyopo katika kikundi itaje jina lake. Ni mimea mingapi ambayo tunaijua kwa majina mbalimbali?

2. Katika mtaa wetu, ni nani anayejua mimea ya sumu? Je, amewafundisha watoto?

3. Tumewahi kumwita mtu mwizi kwa jambo ambalo lingeweza kuulizwa kwa hodi? Tufanye nini ili kulirekebisha?

4. Ni mahali gani katika mtaa wetu pa kuchuma pamoja bila hatari, na ni mahali gani pa kuepuka?

ZOEZI LA NYUMBANI

Wiki hii, kabla ya kufyeka parsele yako, zunguka polepole pamoja na jirani mmoja, hasa yule ambaye hamjazoeana. Muulize: «Kwenu hili mnaliitaje, na mnalifanyia nini?» Usichume kitu ambacho ninyi wawili hamkubaliani kwamba mnakijua. Mkikubaliana juu ya kimoja, mkipike na mkile pamoja.

Tunawatakia masomo mema na mezani pawe na amani.